Unywele wa Tupa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau kazi. Nimemuuliza niandike nini. Akasema, "Chochote, mama. Andika mvua." Basi mvua imeanza leo, daktari, na mwandiko wangu unatambaa kama sisimizi aliyeangukia wino.

Nieleze mambo yalivyo tangu mwanzo, nikija kusoma nisijidanganye. Mkono wa kulia unatetemeka. Ulianza kwa kidole kimoja, sasa umepanda mpaka kwenye kiwiko. Na mimi ni fundi wa dai. Dai ni ile kalibu ya chuma kigumu inayokaa ndani ya presi: bati linaingia, presi inashuka, bati linatoka likiwa bawaba au komeo. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa benchini nikizimalizia dai kwa tupa, kile chuma chenye meno, nikisugua kidogo kidogo mpaka sehemu ya juu iingie kwenye ya chini bila kukwama na bila kupwaya. Ndiyo maana karakana nzima inaniita Mama Tupa. Jina langu la kweli wanalijua watu wa mishahara tu.

Leo Bosi, tunayemwita Mizani kwa sababu hupima kila neno kabla ya kulitoa, ameniita mlangoni mwa stoo.

"Mama Tupa, benchi basi."

Nikauficha mkono wa kulia nyuma yangu.

"Nenda chumba cha michoro. Jifunze kuchora dai kwa kompyuta. Mvua zikiisha utanichorea moja inayofanya kazi, ubaki. Isipofanya kazi, utapumzika."

Kupumzika! Nimewaona waliopumzishwa. Wanakaa barazani wanahesabu wapita njia, na kila mpita njia anawauliza habari za afya.

Sasa sikia kichekesho. Chumba cha michoro kina mtu mmoja, naye ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Tunakaa nyumba moja. Jana tu nilimwambia chumvi imezidi kwenye mboga, na juzi nilimwambia haikutosha. Kuanzia kesho ndiye mwalimu wangu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sikuelewa kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi mkamwana amenivutia kiti, akakifuta kwa kiganja, akasema, "Karibu, mama. Leo tunachora mstari."

Nikajua ananidharau. Mstari! Mimi niliyepitisha mikononi chuma cha kujaza lori! Nikashika kipanya, nikavuta. Mstari ukaenda kama njia ya kuku uwanjani. Nikafuta, nikavuta tena, ukawa mbaya zaidi. Nilijikaza kisabuni lakini machozi yalikuwa karibu. Nikasimama, nikasema kumbe hata huku wanataka mkono, basi acha nirudi zangu nyumbani.

Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mama, nani kakwambia uvute?"

Akaniambia nibofye mahali pamoja, popote, kisha nikiachie kabisa kipanya. "Sasa andika urefu." Nikaandika themanini kwa kidole cha kushoto. "Andika pembe." Nikaandika sifuri. Mstari ukalala pale, umenyooka tuli.

"Huu mstari haujui kama mkono unatetemeka," akasema. "Unajua themanini tu."

Nimeukodolea macho ule mstari mpaka chai yangu ikapoa. Miezi yote hii kila kitu ninachoshika kinanisengenya: kikombe, ufunguo, kijiko. Leo nimefanya kitu kimoja ambacho hakikunisengenya. Chumvi ya usiku ilikuwa sawa, na nimemwambia.

Jumanne, 12 Machi

Mvua toka asubuhi. Nimechora duara. Nimechora duara jingine. Radi, fundi wetu wa presi, amechungulia mlangoni akauliza kama ninachora vitumbua. Mtu wa makelele yule, jina lilimwangukia vizuri.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimeelewa kwa nini wanamlipa huyu binti.

Kuna dai za kawaida, zinazofanya jambo moja kila presi inaposhuka. Halafu kuna dai ya vituo. Hii inalishwa ukanda mrefu wa bati. Presi ikishuka, kituo cha kwanza kinatoboa. Ukanda unasogea hatua moja. Presi ikishuka tena, kituo cha pili kinakata pembeni wakati cha kwanza kinatoboa kipande kinachofuata. Hivyo hivyo, kinakunjwa, kinakunjwa tena, mpaka kituo cha mwisho kinakikata kidondoke kikiwa kamili. Nimezimalizia dai hizi kwa tupa zaidi ya ninavyokumbuka, ila nilikuwa ninaletewa kipande kimoja kimoja. Sikuwahi kumwona mtu akiiwaza nzima.

Yeye huanzia mwisho. Sikujua! Anaweka kwenye kioo cha kompyuta kile kitu kilichokwisha, kisha anakikunjua. Anarudisha mkunjo wa mwisho, halafu wa kabla yake, halafu anaziba matundu, mpaka linabaki bati tupu. Anakunja uso, anauma kalamu, anasogeza kituo kimoja mbele, anaacha kituo kimoja kitupu kisichofanya lolote.

"Hiki cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kupumulia, mama. Chuma cha kituo hiki na cha kile vikikaa karibu sana, ukuta wa katikati utakuwa mwembamba. Utapasuka."

Nikakumbuka dai iliyopasuka mikononi mwangu zamani, ukuta wa katikati, hapohapo. Nilimlaumu aliyekichoma chuma ili kikaze. Kumbe kosa lilikuwa kwenye karatasi hata kabla chuma hakijanunuliwa. Huyu amelikamata kwa kuuma kalamu.

Alhamisi, 21 Machi

Mfereji wa paa letu umelegea, maji yanamwagika mbele ya mlango na kuingia na kila anayeingia. Mwanangu ameufunga kwa waya. Ni muuguzi, anafunga vizuri vidonda, mifereji hapana. Amesimama kibarazani amelowa chapachapa, mkewe akamwambia, "Mume wangu, hapo umefunga bandeji." Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Zamani ningemtetea mwanangu.

Baada ya chakula mkamwana amekaa mezani na boksi tupu la dawa ya meno, anakunja, anakunjua. Nilikuwa nikimwona akifanya hivyo, ninadhani ni mvivu wa vyombo. Leo nimevua miwani, nikaosha vyombo mwenyewe, nikamwacha awaze.

Jumatano, 27 Machi

Kazi imekuja. Mizani ameweka mbele yangu kipande cha bati kilichokunjwa: kishikio cha mfereji wa paa. Kina matundu mawili ya misumari, mkono unaopinda kufuata mfereji, na mdomo mdogo wa kuubana kwa juu. Mteja anajenga nyumba nyingi na anavitaka kwa wingi.

"Dai ya vituo," akasema. "Wewe."

"Na mwalimu wangu?"

"Anajibu ukiuliza. Hashiki." Akageuka kuondoka, akarudi. Kwa Mizani kurudi ni hotuba. "Chuma cha dai kipo kimoja stoo. Hakuna kingine."

Roho yangu iko juu tangu saa ile. Ukiniuliza ninataka nini maishani kwa sasa, ninataka kishikio cha mfereji.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekikunjua kishikio kwenye kioo. Kimekuwa bati lenye umbo la mguu wa bata. Nimekipanga kwenye ukanda mara nyingi, kila mara kinapoteza bati upande. Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Bati ukilikunja hurudi nyuma kidogo, lina ubishi wake. Ukitaka pembe mraba lazima ulikunje kupita hapo, ndipo likirudi likae unapotaka. Kwa mkono nilikuwa ninajua kupita kiasi gani. Leo kompyuta imeniuliza, nami sikuwa na namba.

Nikamuuliza mkamwana anipe ile namba. Akasema hana.

"Si iko humo ndani?"

"Kompyuta haijui, mama. Inasubiri uiambie. Hata mimi nikiwa na bati nisilolijua, huenda kuliuliza lenyewe."

Tukashuka chini pamoja, tukachukua vipande vya bati la mteja, tukakunja kwenye presi ndogo, tukapima. Kila nilipokisia kabla ya kupima nilikaribia, na kila nilipokaribia alipiga kofi moja kama mtoto. Lakini aliandika alichopima, hakuandika nilichokisia. Hilo limenipendeza zaidi ya makofi. Mwalimu wa kukuandikia unachotaka kusikia yuko kila kona.

Jumanne, 9 Aprili

Imetembea!

Nimebonyeza, na ukanda kwenye kioo ukaanza kwenda. Tundu, tundu, ukingo, kituo kitupu cha kupumulia (nilikiweka mwenyewe, bila kuambiwa), mkunjo, mkunjo, mdomo, kikadondoka kishikio. Kingine nyuma yake. Kingine. Mkamwana alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono wake begani mwangu. Nilitaka kusema jambo la maana nikajikuta ninalia. Akaniletea leso, akasema, "Umeuweka ule mkunjo wa kwanza mahali ambapo mimi nisingeuweka. Pako ni pazuri zaidi."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, nimelala nayo.

Jumatano, 10 Aprili

Mkono mbaya sana leo. Nimemwaga maji.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama yake mkamwana anaumwa. Amesafiri asubuhi na mapema, kwenye mvua, na begi dogo. Mlangoni ameniambia mpangilio wote ameuona, hauna neno, imebaki kazi ya kuandika vipimo vya mwisho vya kila kipande, "na hapo, mama, huhitaji mtu." Nimemwambia amsalimie mama yake na asifikirie kazi. Nyumba imepwaya mara moja. Mwanangu amepika. Chumvi imezidi.

Alhamisi, 18 Aprili

Vipimo vyote nimemaliza, kipande kwa kipande. Nimeangalia mara mbili. Mizani amechungulia, ametikisa kichwa kwa kukubali. Chuma kimepelekwa kwenye mashine ya kukatia kwa waya. Ni waya mwembamba unaopitisha umeme na kula chuma taratibu ndani ya maji, kwa kufuata mchoro. Nimekaa mbele yake kama anayengojea mkate utoke tanuri.

Jumanne, 23 Aprili

Vipande vimetoka vinang'aa. Tumeunganisha. Sijawahi kuona dai nzuri namna hii. Kesho kwenye presi.

Jumatano, 24 Aprili

Imekwama.

Nitaandika yote hata kama mkono unakataa. Asubuhi karakana nzima ilikuwa imezunguka presi kubwa. Hata watu wa mishahara walishuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya paa kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa kupiga kelele. Dai yangu ilikuwa imefungwa, ukanda wa bati umeingizwa. Mizani akasema, "Washa."

Radi hakuwasha. Mtu niliyemwita wa makelele miaka yote hii! Alisema kwa sauti ndogo, "Bosi, dai mpya mimi huizungusha kwa mkono kwanza." Akashika gurudumu zito la presi, akalivuta kwa mwili wake wote, taratibu, sikio amelilaza karibu na dai kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Sehemu ya juu ikashuka, ikashuka. Nikasikia mlio mdogo. Radi akaganda. Akarudisha nyuma, akajaribu tena, ukalia tena palepale.

"Mama," akasema, "haiingii."

Tukatoa ukanda, tukaangalia. Vyuma vya juu vinavyotoboa vilikuwa vimegusa kingo za matundu ya chini. Vimekaa juu ya matundu, haviwezi kupita. Kituo cha kwanza hivyo. Cha pili hivyo. Vyote. Kama Radi angewasha presi, dai yote ingepasuka vipande, na pengine kipande kimoja kingekuwa sasa kwenye jicho la mtu.

Mizani alichutama akaangalia muda mrefu. Akapitisha ukucha kwenye ukingo. Akasimama. Nilimwomba Mungu aseme kitu, chochote, anitukane. Akasema, "Hicho ndicho chuma kilichokuwepo," akaondoka.

Watu wakatawanyika wakiangalia viatu vyao. Radi alibaki, akafungua dai peke yake, akaifuta kila kipande kwa kitambaa safi, akavipanga mezani kwa mpangilio wake, akavifunika. "Kesho mkamwana wako anarudi," akasema. "Mimi sigusi presi hii mpaka aje." Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru, nimchoree vitumbua.

Nimerudi nyumbani nimelowa na sikukumbuka kama nina mwavuli mkononi. Mwanangu amenivua viatu. Nimemwambia nimeshapumzishwa, bado kuambiwa tu. Mbele ya mlango maji yanamwagika palepale.

Alhamisi, 25 Aprili

Amekuja moja kwa moja karakana na begi lake dogo, hajafika hata nyumbani. Mama yake hajambo, amekaa kitandani anagombana na watu, dalili nzuri. Aliniamkia, akaweka begi chini, akafunua kitambaa cha Radi, akachukua maikromita, kile chombo cha kupimia unene.

Alipima, mimi nikaandika kwa mkono wa kushoto. "Hii imezidi." Akachukua nyingine. "Nayo imezidi." Tundu: "Hili limepungua." Kila neno lilikuwa linanichoma. Vyuma vya juu vyote vinene kuliko inavyotakiwa, matundu ya chini yote membamba. Katikati, pale panapotakiwa kuwa na nafasi ndogo ya vyuma kupishana, hapana nafasi kabisa.

Halafu akarudia vipimo viwili vitatu. Akaweka maikromita mezani kwa uangalifu mkubwa, akaniangalia.

"Mama. Vimezidi sawasawa."

"Sawasawa vipi?"

"Vyote kiasi kilekile. Unene wa unywele mmoja. Matundu nayo yamepungua kiasi hicho hicho. Mashine haiwezi kukosea hivi. Hivi ndivyo ulivyoandika." Akavuta kiti karibu. "Ulikuwa unabakiza ya nini?"

Na hapo ndipo nilipojiona. Benchini, kipande kikija kwako, hakiji kikiwa kimefika kipimo. Kinakuja na unywele mmoja wa ziada, wa kuondolewa na tupa, kwa sababu chuma ukishakipunguza mno hakuna wa kukirudisha. Unabakiza. Kila fundi anabakiza. Nilikaa pale nikaandika vipimo vyote vya dai ile, na kila nilipofika mwisho wa kipimo mkono wangu wa kushoto, ambao haujawahi kushika mpini wa tupa maishani, uliongeza unywele. Sikuamua. Sikujua hata kwamba ninafanya. Waya nao haubakizi kitu wala haumwachii mtu kitu. Unakata ulichoandika.

"Ya tupa," nikasema. "Nilikuwa ninabakiza ya tupa."

Akacheka! Alicheka mpaka akashika meza, mpaka Radi akaja kuchungulia. Damu ilinipanda kichwani, nikamwambia kama ameona ni mchezo ahame nyumbani kwangu leo hii. Akanishika mikono yote miwili, ule mzima na ule unaotetemeka.

"Mama, nisikilize. Wewe unajua ni nani mwingine angeweza kukosea hivi? Dai nzima, kila kipande, bila kupishana hata mahali pamoja! Ungekosea hapa kidogo na kule sana, tungetupa chuma. Umekosea kwa kipimo kimoja. Na kote umebakiza, hukupunguza popote. Chuma kipo, mama. Tunapitisha waya tena."

Nikauliza kama matundu hayatakuwa yamehama. Akasema tundu likipanuka pande zote sawa, katikati yake inabaki ilipo. Nilijua hilo. Nilitaka tu kulisikia kwa sauti yake.

Tukapanda chumba cha michoro. Nilidhani atakaa yeye, akanivutia kiti, akakifuta kwa kiganja kama siku ya kwanza. "Bosi alisema sishiki." Akanionyesha kitu ambacho hakuwa amenifundisha bado: mahali ambapo unaweza kuipa namba jina, kisha ukaifunga kwenye vipimo vingine, ukibadilisha hiyo moja vyote vinafuata. "Andika jina la kile ulichokuwa unabakiza." Nikaandika *tupa*. Mbele yake nikaandika ule unywele. Kisha nikaufunga kwenye vipimo, kimoja kimoja, kila chuma na kila tundu, na ndivyo ilivyopita siku. Alikaa pembeni hajala, hajabadilisha nguo za safari, anauma kalamu.

Nilipofunga cha mwisho akasimama nyuma yangu. "Sasa futa ule unywele. Andika sifuri."

Nikaandika sifuri. Mchoro wote ukapumua kwa pamoja: vyuma vyote vikanywea, matundu yote yakafunguka, na nafasi ndogo ya kupishana ikatokea kuzunguka kila kimoja, sawasawa, mwanzo wa ukanda hadi mwisho.

Nimekuwa mama mkwe wa mtu huyu tangu aolewe na nilikuwa ninampima kwa kijiko cha chumvi. Leo ninaandika hapa waziwazi, na akija kusoma asome: sijapata kufanya kazi na mtu aliye bora kuliko yeye.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkamwana na mimi mbele ya Mizani. Ameangalia mchoro, ameniangalia mimi. "Waya utapita mara moja tu."

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Waya unakata. Sili.

Jumanne, 7 Mei

Radi alifunga dai mwenyewe, hakuruhusu mtu kugusa. Leo hapakuwa na watu wengi. Nadhani waliogopa kuangalia viatu vyao mara ya pili. Akaingiza ukanda, akashika gurudumu, akalaza sikio.

Ikashuka. Nikangoja ule mlio. Haukuja. Ikashuka mpaka chini, ikapanda. Kwenye kituo cha kwanza kulikuwa na matundu mawili, safi, na vile visahani viwili vya bati vimedondoka chini kama shilingi. Akausogeza ukanda hatua moja, akazungusha. Ukingo. Akausogeza, akazungusha. Kituo kitupu, ukapita kimya. Mkunjo. Mkunjo. Mdomo. Mkamwana alikuwa amenishika kiwiko cha mkono mbaya na sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anatetemeka.

Kishikio cha kwanza kikadondoka kwenye karai.

Mizani alikiokota. Akakilinganisha na kile cha mteja, mgongo kwa mgongo. Akakiweka mezani na kukigonga kwa kidole kuona kama kinayumba. Hakikuyumba, bati lilikuwa limerudi nyuma kiasi kilekile tulichokiuliza. Akapitisha ukucha kwenye matundu, akitafuta miba ya bati. Akanipa mkononi.

"Radi, washa," akasema. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. "Mama Tupa, kile kiti cha michoro kinalia. Kitiwe grisi. Utakikalia sana."

Radi akawasha. Jamani, kelele ile! Presi inapiga, ukanda unakwenda, vishikio vinamiminika kwenye karai. Radi akapiga ukelele kuishinda presi yenyewe, na mimi nikapiga wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Presi imepiga siku nzima. Mvua ndogo.

Jumapili, 12 Mei

Mwanangu amepanda ngazi na vishikio nilivyonunua karakana kama mteja mwingine yeyote. Mkewe alikuwa chini anamwelekeza, mimi ninamwelekeza mkewe. Mfereji umekaa. Tukangoja mvua tuujaribu, mvua nayo ikakataa kuja. Mwishowe mwanangu amepanda tena na ndoo.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Barabara imeanza kukauka pembeni.

Mizani ameniletea kazi mpya, komeo la kabati. Nimekaa kwenye kiti, hakilii tena. Nimefungua mchoro mpya, ule mtupu ambao kila mtu wa karakana hii atakuwa anaanzia, mimi, mkamwana, na yeyote atakayeletwa hapa baada yetu. Mkamwana ndiye anayeutunza. Upande wa vipimo huwa hauna kitu.

Leo ulikuwa na kitu. Mstari mmoja: *tupa*, na mbele yake sifuri.

Nikamwita. "Binti, umesahau kufuta."

Hakugeuza hata kichwa, alikuwa anauma kalamu. "Sijasahau, mama. Ipo siku mashine ya waya itaharibika, kazi itabidi imaliziwe kwa mkono. Huyo atakayekuwa hapa atahitaji kujua ni kiasi gani cha kubakiza. Unywele wako nimeuandika chini yake."

Nikasogea karibu na kioo, nikavaa miwani. Umeandikwa, kwa kipimo chake kamili. Mkono ulioshika miwani ulikuwa unatetemeka kama kawaida. Nikaubana ule mwingine juu yake mpaka nilipoweza kuona vizuri, kisha nikabofya mahali pamoja, nikaachia kipanya, nikaandika urefu.